Wanafunzi wangu wanarudi na mabango tu. Nifanyeje?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi na ukunga hapa Dodoma. Kila mwaka nawapeleka wanafunzi wa mwaka wa tatu kwenye zahanati za vijijini kwa wiki sita, na kila kikundi kinatakiwa kifanye mradi wa kuboresha huduma. Wakirudi ni yale yale: wamebandika mabango, wametoa elimu ya afya, wamepaka chokaa mawe ya njiani. Nikiwauliza nini kimebadilika, kimya. Na wauguzi wa kule wananilalamikia kwamba wanafunzi wanawakagua. Nifundishe vipi ili mradi huu uwe kazi ya kweli?

Jibu: Marahaba, mwalimu mwenzangu. Mabango hayo nayafahamu vizuri, na baadhi yake yalichorwa na wanafunzi niliowasimamia mimi mwenyewe. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kosa lilikuwa kwenye namna nilivyowapa kazi. Niliwaambia: nendeni mkatafute tatizo, mlitatue, mlete ripoti. Kijana wa miaka ishirini na mbili akipewa maagizo hayo siku ya kwanza, atachukua suluhisho analolijua tayari, halafu atatafuta tatizo la kulivisha. Na suluhisho analolijua ni kuelimisha, kwa sababu ndilo tulilomfundisha tangu muhula wa kwanza.

Kwa hiyo kanuni yangu sasa ni hii: wiki ya kwanza ni marufuku kupendekeza chochote. Ni wiki ya kutazama. Mwanafunzi anafanya kazi za kawaida za zahanati, anapima uzito, anapima presha, anajaza rejista, lakini siku mbili katika wiki hiyo anapewa kazi moja ya pekee: amfuate mama mmoja mjamzito tangu anapoingia getini hadi anapotoka. Amwombe ruhusa kwanza, amweleze kwamba anajifunza. Achukue daftari na saa, aandike kila kinachompata mama yule na dakika kilipompata. Asiandike maoni. Aandike kilichotokea.

Nikupe mfano wa karatasi moja ya namna hiyo, niliyoletewa na mwanafunzi kutoka zahanati moja ya kijijini. Mama aliingia saa tatu na dakika arobaini asubuhi, amejifunga kitenge, miguu ina vumbi. Akaketi kwenye benchi. Saa nne na robo akapimwa uzito, akarudi kwenye benchi. Saa tano kasoro akapimwa presha. Saa tano na dakika ishirini akaingia chumbani, akapimwa tumbo, akapewa vidonge vya damu na tarehe ya kurudi. Saa tano na nusu akatoka. Chini ya karatasi mwanafunzi aliandika swali, si pendekezo: «Elimu ya dalili za hatari ilitolewa saa mbili. Huyu mama aliisikia lini?»

Swali hilo lina thamani kuliko ripoti zote za miaka yangu ya nyuma. Kwenye rejista, mama yule alikuwa amewekewa alama kwamba amepewa ushauri. Hakuna aliyedanganya. Muuguzi alitoa elimu kweli, saa mbili kamili, na watu walikuwepo. Ila waliokuwepo saa mbili ni wa jirani. Wa vitongoji vya mbali huchota maji kwanza, na kiangazi foleni ya kisimani unaijua, kisha wanatembea. Wanafika saa tatu, saa nne. Yaani mama anayekaa mbali zaidi na huduma, ambaye akitokwa na damu usiku ndiye atakayehangaika zaidi kupata usafiri, ndiye asiyesikia dalili za hatari. Mwaka 1994 Thaddeus na Maine waliandika juu ya ucheleweshaji wa aina tatu unaowaua akina mama: kuchelewa kuamua kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Mama huyu tulikuwa tumemwachia ule wa kwanza tukiwa naye mikononi, amekaa kwenye benchi letu kwa muda wa karibu saa mbili nzima.

Sasa unaona kwa nini bango jingine la dalili za hatari lisingesaidia. Mwanafunzi aliyeona hivi kwa macho yake hahitaji kuambiwa.

Wiki ya pili wanaanza kuhesabu, na hapa ndipo pa kukaa nao kwa muda mrefu kuliko popote. Chagueni swali moja la kumuuliza mama anapotoka. Kwenye mfano wangu lilikuwa: «Mama, ni mambo gani yakikutokea utakuja hapa hata kama tarehe yako haijafika?» Asisomewe orodha, asidokezwe. Mwanafunzi anasikiliza tu na kuweka alama. Tukakubaliana kwamba mama anayetaja dalili tatu au zaidi anahesabiwa kuwa anajua.

Jioni ya siku ya kwanza kikundi kilibishana mpaka giza likaingia, na nilifurahi sana. Mama mmoja alisema, «Miguu ikivimba.» Anapata alama au hapati? Miguu kuvimba kidogo jioni ni jambo la kawaida kwa wajawazito wengi; dalili ya hatari ni kuvimba uso na mikono, hasa kukiwa na kichwa kinachouma sana au macho kuona ukungu. Mwingine alisema, «Nikijisikia vibaya.» Je, hiyo ni dalili? Wa tatu alisema, «Mtoto akinyamaza.» Mwanafunzi mmoja hakumwelewa, mwenzake Mgogo akamwambia anamaanisha mtoto ameacha kucheza tumboni. Waliishia kuandika nusu ukurasa wa maelezo: nini kinahesabiwa, nini hakihesabiwi, maneno gani ya watu yanabeba maana gani. Hiyo nusu ukurasa ndiyo kazi ya kisayansi. Usiwaruhusu waanze kuhesabu kabla hawajaiandika, maana mkihesabu kila mtu kivyake, namba itapanda na kushuka kwa sababu ya anayeuliza na si kwa sababu ya huduma.

Tena kuna jambo la maadili ambalo halina mjadala. Mama akishindwa kutaja, haondoki hivyo hivyo. Mwanafunzi akishaweka alama yake anaketi naye papo hapo na kumweleza: kutokwa damu, kichwa kikali, degedege, homa, maumivu makali ya tumbo, maji kutoka kabla ya uchungu, mtoto kuacha kucheza. Hatukusanyi takwimu juu ya mgongo wa mtu. Na daftari halibebi jina wala namba ya kadi, wala hakuna kupiga picha rejista kwa simu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, siri ya mgonjwa ni kiapo chetu.

Usiwape zahanati nzima waihesabu. Kama siku ya kliniki wanakuja akina mama ishirini, kuuliza kila wa nne anayetoka kunawapa watano. Watano kila siku ya kliniki, kwa uaminifu, ni bora kuliko ishirini siku moja na sifuri siku inayofuata.

Ukiwa darasani kabla hawajaondoka, wape msingi wa nadharia, lakini mfupi. Avedis Donabedian, mwaka 1966, alipendekeza tuutazame ubora kwa sehemu tatu: muundo, yaani vifaa, majengo na watu, mchakato, yaani kinachofanyika, na matokeo, yaani hali ya mgonjwa baadaye. Wanafunzi hupenda kukimbilia muundo, «hakuna watumishi, hakuna maji», mambo ambayo hawawezi kuyagusa kwa wiki sita, au hurukia matokeo, «kupunguza vifo vya akina mama», ambayo zahanati moja haiwezi kuyapima kwa muda huo. Waelekeze kwenye mchakato. Mama ametoka akijua au hajui: hilo linapimika Jumanne na linaweza kubadilika Alhamisi.

Jambo la pili la darasani ni mzunguko wa majaribio. Mizizi yake iko kwa Walter Shewhart na mwanafunzi wa fikra zake, W. Edwards Deming, watu wa viwandani Marekani, na kwa Kiswahili nauita panga, jaribu, tazama, amua. Usiuchore ubaoni kama duara zuri halafu ukaendelea na mada nyingine. Wafanye wajaribu kitu pale pale. Mimi huwapa kazi ya kupanga foleni ya chai ya saa nne chuoni. Wanapima dakika, wanabadilisha kitu kimoja, wanapima tena. Ndani ya siku tatu wanaelewa kwamba wazo zuri linaweza kuharibu mambo. Na wamekwisha kusikia habari za Kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma: 5S, hatua zake tano za kupanga mahali pa kazi, iliingia nchini kwa msaada wa Wajapani, ikaanzia Hospitali ya Rufaa ya Mbeya mwaka 2007, na leo kuna wauguzi wengi wanaoimba «sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia» bila kukosea. Ichukue iwe ngazi ya kupandia. Waambie kwamba kupanga kabati ni mwanzo mwema, ila kabati lililopangwa linatakiwa limwonekanie mgonjwa mahali fulani. Wapi? Waonyeshe.

Jaribio la kwanza liwe dogo kiasi cha kumtia mwanafunzi aibu. Muuguzi mmoja, mama mmoja, siku moja. Kule nilikokuambia, muuguzi alikubali kwamba mama akiwa bado amelala kitandani anapimwa tumbo, atamtajia dalili tatu tu, kisha atamwomba azirudie kwa maneno yake. Walijaribu kwa mama mmoja, ikawezekana. Siku iliyofuata kwa watano. Hapo tatizo likajitokeza: foleni ya nje ilirefuka, akina mama wakaanza kunung'unika, na muuguzi akasema hawezi kuendelea hivyo peke yake. Mwanafunzi mmoja alinipigia simu akiwa amekata tamaa, anasema mradi umeshindwa. Nikamwambia ndiyo kwanza umeanza. Ametambua kwamba ukiboresha huku unaweza kuharibu kule, na tangu siku hiyo wakaanza kupima pia muda wa kusubiri.

Jaribio la tatu lilikuwa wazo la mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama mtu mzima wa kijiji kile, wala halikuwa wazo la mwanafunzi. Alisema: wanaochelewa wote wanakaa kwenye benchi lile lile la presha, nipeni mimi nafasi pale saa nne, nitawaeleza kwa Kigogo. Akafanya hivyo, bila bango, amekaa katikati yao, anawasalimia «mbukwenyi», anauliza nani aliwahi kumwona mtu aliyepata degedege akiwa na mimba. Mikono ikainuka. Wakasimuliana. Kisha chumbani muuguzi akabaki na swali moja tu: «Umesikia nini pale nje?» Wanafunzi wako wakiwa Kondoa itakuwa Kirangi, wakiwa Chemba huenda ikawa Kisandawe, msisitizo wangu ni kwamba mwenye suluhisho mara nyingi alikuwepo hapo kabla ya kikundi kufika, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Waliwahi pia kujaribu vipeperushi. Akina mama walivipokea kwa adabu, wakavikunja ndani ya kadi ya kliniki, na kwenye swali la mlangoni hakuna kilichobadilika. Kikundi kikaacha siku ya pili. Jaribio hilo nalo liliandikwa kwenye ripoti, na nililipa alama nzuri.

Kuhusu chati. Wafundishe kuchora nukta kwa mkono, kwenye karatasi kubwa au nyuma ya kalenda ya mwaka jana: chini tarehe za kliniki, pembeni idadi ya waliotaja tatu kati ya watano. Wachore mstari wa namba ya katikati, ile inayogawa nukta nusu juu na nusu chini. Waelewe kwamba nukta moja kupanda haina habari yoyote ya kutangaza. Wengi wetu tunaotumia chati hizi tunasubiri nukta sita mfululizo ziwe upande mmoja wa mstari ndipo tuseme kuna kilichohama. Sasa hesabu mwenyewe: kama kliniki ni mara mbili kwa wiki, wiki sita zinakupa nukta kumi na mbili, na wiki ya kwanza hamhesabu. Mara moja kwa wiki, una tano. Tano! Mwanafunzi mwenye nukta tano anayeandika «mradi umefanikiwa kwa kiwango kikubwa» hajui anachosema, na sisi tumemzoesha kusema hivyo kwa sababu tunatoa alama kwa mafanikio.

Hapa ndipo napendekeza jambo ambalo chuo chako huenda kikaliona gumu. Usiruhusu kila kundi lianze mradi mpya. Kundi la pili liende zahanati ile ile, liikute chati ukutani, liendelee pale wenzao walipoishia. Wanafunzi watalalamika kwamba wamepewa kazi ya wengine. Waeleze kwamba muuguzi anapoingia zamu haanzi wagonjwa upya. Anapokea ripoti ya zamu iliyotangulia. Baada ya makundi matatu zahanati itakuwa na chati yenye nukta za kutosha kusema kitu cha kweli, na chuo kitakuwa na uhusiano na kituo unaozidi barua ya utambulisho.

Na alama zitolewe kwa nini? Mimi sehemu kubwa naitoa kwa karatasi ya kumfuata mama, maelezo ya kipimo, na daftari la majaribio pamoja na yaliyoshindikana. Namba kupanda haina alama hata moja. Nilipobadilisha hivyo, udanganyifu wa takwimu ulikwisha wenyewe, maana haukuwa na faida tena.

Sasa la kukaguliwa. Wauguzi wa kule wana sababu. Tangu mwaka 2015 vituo vyetu vimepimwa ubora na kupewa nyota, kuna usimamizi shirikishi kutoka halmashauri, kuna wafadhili na madodoso yao, na wengi waliofika na daftari waliondoka na makosa ya mtu. Niliwahi kumwona mwanafunzi wangu, siku ya pili tu, anapekua rejista mbele ya akina mama na kusema kwa sauti, «Hapa hamjajaza.» Muuguzi, ambaye ni mtu wa umri wa mama yake, alifunga kitabu taratibu, akakiweka kabatini, akafunga kabati kwa ufunguo. Wiki tatu hakikufunguliwa kwa ajili yetu. Nilikwenda mwenyewe kuomba radhi.

Tangu hapo, nakwenda zahanati kabla ya wanafunzi, baada ya kupata kibali kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Namsalimia mganga mfawidhi, nakaa na wauguzi, na nauliza swali moja: «Siku ya kliniki, kitu gani kinakuchosha zaidi?» Mradi unatoka kwenye jibu hilo. Kama wanachotaka ni kitu kingine kabisa, kadi za watoto zinazopotea au majokofu ya chanjo yasiyofuatiliwa joto, basi wanafunzi watafanya hicho, hata kama mimi nilipenda dalili za hatari. Muuguzi mmoja wa pale anakuwa mwenye mradi na wanafunzi wanakuwa wasaidizi wake. Chati haibebi jina la mtumishi yeyote. Haibandikwi mahali pa wageni mpaka wenyewe waseme. Na mwanafunzi anaanza wiki kwa kufanya kazi: anafagia, anabeba mtungi wa maji, anashika zamu. Mtu uliyebeba naye maji anakuambia ukweli ambao dodoso halitaupata.

Wasimamie kwa ukaribu zaidi ya unavyofanya sasa. Ziara moja ya mkufunzi katikati ya wiki sita haitoshi kabisa. Umbali wa vijiji vya Mpwapwa na Chemba naujua, na mafuta ya gari la chuo nayajua. Simu ya dakika ishirini kila Ijumaa jioni, kikundi kizima kimekaa karibu na spika, maswali matatu: mlijaribu nini, mliona nini, wiki ijayo mtabadilisha nini? Wakijibu la kwanza kwa kusema «tuliendelea kutoa elimu», jua wamerudi kwenye mabango, na hapo ndipo uwaulize mama wa mwisho waliyemfuata aliondoka saa ngapi.

Siku ya kuondoka, usipange sherehe ya kukabidhi ripoti. Panga kikao kifupi na watumishi na mtu mmoja wa kamati ya kituo. Mtoe karatasi ya chati, kalamu, na maelezo ya kipimo yaliyobandikwa pembeni. Kisha muulizane jambo moja kabla ya gari kuwasha: kliniki ya Jumanne ijayo, nani ataweka nukta? Kama kuna jina, liandikwe chini ya chati kwa penseli.